Tronçonneuse ya cc 120 au ya cc 90? Nilivyopasua ubao wa pirogue mbele ya Ngezi nzima

Wakuu, habari za kazi.

Kuna jamaa aliuliza humu kati ya tronçonneuse kubwa za kazi, hii misumeno ya mnyororo, ipi ni bora. Mkamjibu kwa kumwaga cc na horsepower mlizosoma kwenye makaratasi ya dukani. Nilicheka peke yangu jikoni. Nimeamua kufungua uzi wangu, maana hizi mashine nimezibeba mgongoni, na nikisema mgongoni namaanisha mgongoni kweli. Humu hakuna chai. Picha mtanidai nikipata bundle.

Majina ya kampuni siweki. Kila mtu ana timu yake na mimi sitaki vita.

Mimi ni Mama Neema, naishi Ngezi, hapa Bunia. Ndiyo, mama. Wale wa kuandika "we ni ke kweli?" andikeni sasa mmalize, tuendelee.

Mume wangu alipasua mbao miaka mingi kwa tronçonneuse ya cc 120. Mashine ya kuogopwa. Ikiwaka, mtaa wa pili wanajua. Lakini ilimla mgongo taratibu, hadi asubuhi moja akashindwa kuinuka kitandani. Daktari akamkataza kuinua hata jerikeni ya maji. Sasa kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kunoa minyororo.

Mimi kwa miaka yote hiyo ndiye niliyekuwa nachanganya essence (petroli) na oili, na ndiye niliyekuwa napiga mstari kwenye gogo. Kwa wasiojua: tunavunja betri kuukuu za redio, tunachovya uzi kwenye ule unga mweusi, tunauvuta kutoka mwisho mmoja wa gogo hadi mwingine, halafu tunauachia ghafla. Pah! Mstari umenyooka. Mvua ya kawaida haiufuti.

Kwa hiyo nikasema mashine nitaishika mimi.

Tulikuwa na msaidizi mmoja, Mateso, mwanaume wa rika la mume wangu. Alinisikiliza, akavua kofia, akasema:

"Mama Neema, mi nakuheshimu sana. Lakini hii kazi iko ya wanaume. Kama nitaona unashindwa, mi naenda kwa Cent-vingt."

Cent-vingt ni mpasuaji mwenzetu wa hapa hapa mtaani. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa sababu ya mashine yake, cc 120 kama ile yetu. Sasa mwelewe hali yangu: peke yako hupasui mbao. Gogo halijigeuzi, na uzi una ncha mbili. Mateso akiondoka, kikosi kimekufa, na nyumba yetu haina kazi nyingine.

Nikaanza kutafuta mashine inayonifaa. Fundi anayetutengenezea aliniazima ya cc 70 na ya cc 90 nijaribu kando ya ile yetu.

Hapa ndipo wengi mnadanganywa. Uzito wa kwenye karatasi ni wa injini tupu. Hakuna guide, hilo panga refu linalobeba mnyororo. Hakuna mnyororo, hakuna essence, hakuna oili. Ni kama kumpima mtu bila miguu. Mimi nilizifunga zote kamili, nikaenda nazo kwa mama mmoja anayeuza sokoni samaki wa Tchomia, kule ziwani, tukazitundika kwenye mizani yake ya samaki. Watu walijaa. Mmoja akauliza huyu samaki mwenye meno nje anavuliwa wapi.

Ya cc 120: karibu kilo kumi na tano. Ya cc 90: kilo kumi na nusu hivi. Ya cc 70: kilo tisa.

Nikazipeleka kwenye gogo.

Ya cc 70 ni tamu mkononi, kwa matawi na miti ya kawaida sina neno. Lakini kupasua muvule kwa urefu ni kuionea. Nusu ya ubao inachemka na kuanza kulia, unasimama kuipumzisha.

Ya cc 120, wakuu, tuseme ukweli, nguvu ipo. Unaizamisha kwenye mti mgumu na haishtuki. Kwa kuangusha mti mnene au kukata gogo vipande, hakuna kitakachoifikia. Tatizo linakuja ukitembea nayo kinyumenyume juu ya gogo, mita baada ya mita. Ikifika nusu ya tangi vidole vimekufa ganzi kwa mtetemo, mikono inaanza kushuka yenyewe, na wewe hujui kwamba inashuka.

Ya cc 90 inakata polepole kidogo, ila inakwenda unakoitaka. Ukisema kushoto ni kushoto. Tukabadilishana: fundi akachukua kubwa yetu, mimi nikachukua ya cc 90. Siku hiyo hiyo nikatoa guide, nikaifunga injini mgongoni kwa kitenge kama mtoto, mikono ikabaki huru kubeba jerikeni. Kitenge kiliharibika kwa oili na wanaume walicheka hadi wakakaa chini. Lakini nilifika kazini sijachoka.

(Msinifuate kwenye kitenge kama mashine imetoka kuwaka. Jambo hilo nalo nililijifunza kwa ngozi yangu.)

Sasa kisa chenyewe.

Upepo uliangusha muvule mkubwa kwenye kiwanja cha familia moja hapa Ngezi. Akaja Ngabu, fundi wa pirogue, yaani mitumbwi, kutoka Tchomia, akaununua wote. Alitaka mbao za mita sita za kujenga pirogue, na akasema atakayempasulia vizuri ndiye atakayempa na miti mingine. Tukafika wawili, mimi na Cent-vingt, kila mmoja na watu wake.

Cent-vingt akanitazama, akageukia watu:

"Muniletee mutu wa kushindana naye, hapana mama wa kutwanga sombe!"

Wakacheka. Nami nilikumbuka kwamba sombe, yaani kisamvu, kwangu ipo kweli, na nimeiacha motoni.

Ngabu hakucheka. Alisema: "Mi siangalie mudomo. Kila mutu apasue ubao moya. Ubao njo itasema."

Gogo likakatwa vipande viwili sawa. Mateso akasimama na ncha yake ya uzi, uso umekunjamana. Alishaniambia asubuhi kwamba leo ndiyo mwisho, nikishindwa anavuka upande wa pili palepale.

Tukawasha.

Wakuu, ile mashine ya Cent-vingt ilipoanza kunguruma, nilipoteza akili. Vumbi la mbao likawa linaruka kwake kama mvua, watu wanapiga mayowe, na mimi badala ya kufuata mstari wangu nikaanza kufuata mwendo wake. Nikasukuma mashine. Mita ya pili nikaona weusi wa mstari umehama upande mmoja wa guide. Nilikuwa natoka nje. Kwa upana wa kidole tu, lakini nje.

Nikazima.

Watu walidhani nimekwama. Mmoja akapaza sauti kwamba mama amechoka, mpeni kiti. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijaza essence, nikakaza mnyororo, nikamwambia Mateso tupige mstari upya kuanzia pale nilipokosea.

"Mbele ya watu wote?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mbele yao wote. Vuta uzi."

Akavuta. Pah! Nikarudi nyuma kiganja kimoja, nikaingiza mashine taratibu, nikaanza upya. Sikumwangalia mtu tena. Niliangalia weusi tu. Nilipofika nusu, Cent-vingt alikuwa amemaliza na anabebwa juu juu. Mimi nikaendelea. Mnyororo aliounoa mume wangu ulikuwa unakula mti bila kuvutana nami. Na hapa tena niwape siri: meno ya kupasua kwa urefu hayanolewi kwa pembe kali kama ya kukata gogo vipande. Yananolewa karibu kunyooka. Wengi hawabadilishi pembe, wanategemea nguvu ya injini iwafichie uvivu.

Nilimaliza wa mwisho. Wa mwisho kabisa, watu wameshaanza kutawanyika.

Ndipo Ngabu akatoa mfukoni kipande cha ubao mgumu chenye pengo. Mafundi wa pirogue wanapima hivyo. Pengo lina upana sawa na unene wa ubao unaotakiwa. Unalivisha kwenye ukingo na kulisukuma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Likipita lote, ubao ni mzuri.

Akaanza na wa Cent-vingt. Likapita mita moja, likakwama. Akaliondoa, akaliweka mbele, likakwama tena. Akafika mwishoni, kule mikono ilikochoka, likaanza kucheza kama kiatu cha kaka mkubwa. Akalitikisa watu wote waone.

"Penye inazidi, nitapunguza na rabot," akasema, mikono ikiiga anayepiga randa. "Penye inapunguka nitaongeza na nini? Na mate? Watu wataingia mu ziwa na hii."

Halafu wangu. Likapita mita moja. Pale mita ya pili, kwenye kosa langu, likasita. Ngabu akalisukuma kwa kidole gumba. Likapita. Kutoka hapo lilikwenda lenyewe hadi mwisho, likaanguka kwenye majani.

Akaliokota, akanipa mkono. "Mama, muti yote iko yako."

Wakuu, nilipiga kelele. Sioni haya. Wamama wa mtaa wakaingia na vigelegele, mmoja akanimwagia unga wa muhogo kichwani, na wale waliosema nipewe kiti nikawauliza kiti kiko wapi, sasa nakitaka. Na Mateso? Alikwenda mwisho wa gogo, akachovya uzi, akasimama ananitazama, anangoja niseme tuanzie wapi. Miaka yote alikuwa anauachia uzi anapotaka yeye.

Jioni Cent-vingt alikuja nyumbani na mnyororo wake mkononi. Akamsalimia mume wangu, akamuuliza kama anaweza kumnolea kama alivyoninolea mimi. Mume wangu hakuinua macho kwenye tupa yake.

"Mi niko ouvrier tu," akasema. "Uliza patron. Yeye ule, anasafisha sufuria."

Cent-vingt akageuka, akavua kofia, akaniita patron, yaani bosi. Nikamkaribisha akae, tukala wote ile sombe, imeungua chini lakini imeliwa yote.

Nilichojifunza, bila kuwachosha: cc zinakwambia mashine inaweza kuzamisha meno kiasi gani, hazikwambii mikono yako itakuwa wapi mita ya sita. Kwa kuangusha na kukata vipande vinene, chukua cc 120. Kwa kupasua mbao siku nzima, cc 90 na mnyororo ulionolewa kwa kupasua. Pima ikiwa imefungwa kamili. Na ukitoka nje ya mstari, zima, hata kama mtaa mzima unakutazama.

Karibuni mnipinge. Hasa nyie wa cc 120: asubuhi mkishika kikombe cha chai, vidole vyenu vinajua kwamba ni cha moto?