Zulia la Kijani Mbele ya Nyumba

Siku hizi mjini kwetu Lubumbashi wenye uwezo wanatandaza majani ya plastiki uani, kisha wananieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mzee, kwamba hayanywi maji wala hayahitaji kufyekwa. Najua. Mimi niliwatangulia, na kama ujinga ule ungekuwa na medali ningeivaa hata kanisani.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya migodi ilipoanguka na mishahara ikakoma. Nilikuwa karani tu, lakini nyumba niliyopewa na kampuni ilikuwa na peluzi mbele, majani mafupi yaliyokatwa sawasawa, na mwenye peluzi alisalimiwa kwa heshima. Njaa ilipoingia, majirani waling'oa majani yao wakaandaa matuta ya mahindi. Mke wangu alitaka nasi tulime kabla ya mvua, la sivyo watoto watalala na njaa. Nikakataa. Kulima mahindi mlangoni, nilimwambia, ni kuutangazia mji kwamba tumekwisha. Kana kwamba mji haukujua!

Tatizo ni kwamba majani yenyewe yalikuwa yanakufa. Bomba lilitoa hewa tu. Basi hoteli moja iliyokuwa inafungwa ikawa inauza vitu vyake, na kwenye baraza yake palikuwa na zulia la plastiki lililofumwa mfano wa majani. Nikatoa baiskeli yangu kama malipo, nikarudi kwa miguu na zulia begani, nina furaha ya bwana arusi.

"Mama, angalia," nilimwambia mke wangu. "Ii haina lazima ya maji, haina lazima ya kukata. Iko muzuri hata kwa udongo."

"Na batoto batakula nini, papa? Plastiki?"

Nilikuwa napigilia misumari pembeni.

Mtaa mzima ulikuwa umekauka, mimi peke yangu nikawa na kijani kibichi. Mchana huwezi kukikanyaga bila kandambili. Jua la Oktoba lilikichemsha kama kikaango. Mvua ya kwanza iliponyesha, watu walitoka na mabeseni kuokota inswa, wale kumbikumbi tunaowakaanga. Miaka yote uani kwetu walitoka kwa wingi. Safari hii plastiki iliwafungia njia, nao, kwa kuwa walinizidi akili, walipita chini ya msingi wakatokea sebuleni, kwenye ufa wa sakafu, nyuma ya kiti changu. Mke wangu na watoto waliwazoa kwa vikombe, wakicheka mpaka machozi. Tulikula vizuri siku ile. Mtu mwenye akili angeng'oa zulia kesho yake. Mimi niliziba ufa kwa saruji. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mvua zikakolea. Maji ambayo udongo ungeyanywa yakateleza juu ya plastiki yakaingia jikoni, nami nikachimba mfereji, nikajisifu kwa ufundi wangu. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, bukari kidogo, ugali wetu, na matembele. Unga unatoka wapi, sikuuliza. Mwanaume wa peluzi haulizi mambo ya unga.

Asubuhi moja nimekaa kitini juu ya zulia langu, nasoma gazeti la zamani, nikasikia sauti ya mke wangu ng'ambo ya ua. Nikachungulia. Alikuwa ameinama katikati ya mahindi ya jirani, mahindi yaliyomfika kiunoni, anapalilia. Mwenye shamba, mama mmoja mjane, alikuwa amesimama kando na bakuli la unga mkononi, ujira wa mke wangu. Niliona haya, nikalitupa gazeti.

Niling'oa zulia lote. Chini yake udongo ulikuwa umeshikana kama tofali, hauna hata nyungunyungu mmoja. Nikatafuta jembe, nikaanza kuupiga. Mke wangu aliporudi kunywa maji alinikuta nimelowa jasho, na shimo nililochimba halikutosha kufukia kuku.

"Benzako banapalilia," alisema, "weye sasa njo unaanza kulima?"

"Njo naanza, mama."

Hakucheka, na heri angecheka. Alimaliza maji yake, akachukua jembe lake, akarudi kwa jirani. Unga wa jioni ile ulikuwa kule.