Kaptula ya Mtoto Asiyepandikizwa

Mtaani walimwita Mama Pindo, fundi cherehani asiyemwamini mtu yeyote anayesema kitambaa hakikutosha. Mwenyewe alishawapiga wateja uongo huo mara nyingi, vipande vilivyobaki akavisokomeza mfukoni chini ya meza. Ndiyo maana daktari alipomwambia kuwa katika viinitete vyote vilivyopimwa, zile mimba changa walizotungiwa maabara, ni kimoja tu kinachofaa, machale yalimcheza.

Binti yake wa pekee alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na Mama Pindo hakutaka kuzaa mwingine wa kulia kwa maumivu yale. Sheria iliruhusu kupima ugonjwa, ikakataza kuchagua jinsia. Waliambiwa hivyo wote, mama mkwe akiwemo, naye akaitikia upesi mno.

Siku moja kabla ya kupandikizwa, mama mkwe akaingia kibandani na kitambaa cha buluu, uso umemkunjuka.

"Mwanangu, nishonee kaptula. Ndogo kabisa."

"Ya nani, mama?"

"Ya mjukuu wangu, ya nani tena?"

"Mjukuu hata tumboni hajaingia. Umejuaje atavaa kaptula?"

Mama mkwe akababaika, eti amebahatisha tu. Mume wa Mama Pindo, aliyekuwa ameketi mlangoni, ghafla akapata kazi ya kukagua kamba za viatu vyake. Hasira zikampanda Mama Pindo mpaka utosini.

Asubuhi aliingia kwa daktari peke yake.

"Daktari, na mimi nakata vitambaa, michezo hii naijua. Vile vilivyobaki, vizima ni vingapi?"

Daktari akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Viwili."

"Vya kike?"

"Mumeo na mama yake walisema mmekubaliana awe wa kiume."

"Mimi nani kaniuliza? Sheria imekuruhusu kuondoa ugonjwa. Usichana nao ni ugonjwa?"

Daktari akalifungua upya faili lao.

"Basi nipandikize mmoja wa hao wawili. Na nitakuwa macho."

Nje, mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi, binti yao amemlalia begani, amechoka. "Vipi, mambo tayari?" akauliza.

Mama Pindo akamtupia kile kitambaa cha buluu mapajani, kisha akainama sikioni mwake ili mtoto asisikie.

"Mshike vizuri huyu. Angekuwa mmoja wa vile viinitete, mimi ningemwacha kwa sababu ya damu yake, na hilo litaniuma mpaka nife. Wewe, hata angekuwa mzima, ungemwacha."