Mguu wa Mwalimu Breki

Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, maana neno hilo lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Alifundisha udereva kwenye gari dogo lenye pedali mbili za breki: moja ya mwanafunzi, nyingine yake. Miaka nenda rudi mguu wake wa kulia ulishinda umening'inia juu ya ile pedali, kifundo kimepinda, tayari kuokoa roho za watu.

Basi mguu huo ukaanza visa. Mara unyayo unawaka moto, mara ganzi, mara sindano vidoleni. Zahanati wakamwambia ni jongo, aache nyama. Akaacha nyama, moto haukuacha. Akapimwa sukari, hana. Kwingine wakampiga picha ya mgongo.

"Mgongo wako safi kabisa, mzee," wakasema, kana kwamba ni zawadi.

"Mimi naumwa unyayo, wao wananisifia mgongo!" alimfokea mkewe.

"Usinifokee, baba watoto. Mimi siyo hospitali."

Shemeji akaleta mafuta ya kuchua. Jirani akalaumu viatu. Bosi akasema ni uzee tu. Kila mtu daktari, mgonjwa yeye peke yake.

Asubuhi moja mama muuza vitambaa, mwanafunzi wake, alikuwa anarudi nyuma kuelekea ukuta.

"Breki!"

Mama akakanyaga mafuta. Mwalimu naye akakanyaga breki yake, au alidhani amekanyaga. Unyayo haukumwambia kitu, kumbe ulikuwa umeteleza pembeni. Taa ya nyuma ikapasuka.

"Nisamehe mwalimu, kosa langu," mama akasema.

Mwalimu akashuka kuokota vipande vya taa. Alijua kosa ni la nani.

Safari hii alipelekwa kwa daktari wa mifupa, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alimvua viatu na soksi, akamsimamisha, akamtazama kwa nyuma: unyayo ulikuwa umelala chini, kifundo kimeangukia ndani. Kisha akagonga kwa kidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Shoti ikampiga mwalimu hadi kidole gumba, akaruka na tusi.

"Hapo hapo," daktari akasema. "Kuna njia nyembamba hapa, mshipa wa fahamu unapita humo. Wako umebanwa. Unyayo unapiga kelele tu, ugomvi uko kifundoni."

"Mbona wenzako hawakuniambia?"

"Walikuvua viatu?"

Hasira zikamjaa mwalimu pomoni.

Alipewa soli za kuinua unyayo, dawa, mazoezi, na marufuku ya pedali. Bosi akamweka darasani kufundisha alama za barabarani. Kila gari lake lilipopita dirishani na mwalimu mwingine, chaki ilivunjika mkononi. Sindano ya kifundo ikampa nafuu ya wiki chache, kisha maumivu yakarudi na riba juu. Mwishowe akapasuliwa, mshipa ukafunguliwa njia.

Moto ukazimika. Ganzi ikagoma kuondoka.

Miezi baadaye daktari alimwambia afumbe macho, akambonyeza kidole gumba kwa kifuniko cha kalamu.

"Unasikia?"

"Nasikia, lakini kama mtu anabisha hodi nyumba ya pili."

"Ni maendeleo hayo. Mshipa hupona kwa mwendo wa kobe. Pedali bado."

"Bado mpaka lini?"

Daktari akainua mabega. Mwalimu akavuta soksi kwa nguvu hadi ikachanika kisiginoni, akarudi darasani amenuna, vibao vya alama kwapani.