Mvumo Ambao Apolonia Hakuusikia Tena

Wodini kwao Iringa, Apolonia alijulikana kwa masikio yake. Wauguzi wengine walitazama geji ya mtungi; yeye aliinamisha kichwa tu, akajua kama oksijeni inamfikia mgonjwa au inapotea njiani. Lakini tangu wenzake wawili wahamishiwe Mbeya alikuwa akiunganisha zamu kwa zamu, na mvumo wa mitungi ulimfuata mpaka nyumbani Kalenga. Mumewe akisema jambo, ilibidi alirudie.

Asubuhi moja ya baridi, zamu yake ya usiku ikielekea kuisha, aliosha chupa za maji ambamo oksijeni hupita kabla ya kumfikia mgonjwa, akazifunga tena. Muda si muda akaitwa na Shamsha, binti wa mzee Taherali, muuza vitambaa aliyelazwa hapo.

"Sista, baba anazidiwa!"

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilionyesha asilimia themanini na mbili. Midomo ya mzee ilikuwa inageuka rangi. Apolonia akatazama: mtungi umejaa, mapovu yanaruka ndani ya chupa. Akaongeza hewa. Themanini.

"Umemvua barakoa ukamnywesha chai, siyo?"

"Wallahi sijamgusa!"

"Nyie ndugu ndio mnaotuulia wagonjwa!"

Frida, muuguzi kijana wa wodi ya jirani, alisikia kelele akaingia.

"Dada, mbona panavuma hivyo? Husikii?"

"Sisikii nini?"

Frida akapeleka kiganja kwenye kifuniko cha chupa. Kilikuwa kimekaa upande, upepo ulikuwa unatokea hapo. Apolonia akakifungua, akakifunga upya. Themanini na tano. Tisini. Mzee akafumbua macho, akapapasa kumtafuta binti yake.

"Nilikifunga mimi," Apolonia alimwambia Shamsha. "Wewe huna kosa. Nisamehe."

Shamsha hakumtazama.

Kwenye korido Apolonia alikutana na Ambrosi, mkuu wa wodi.

"Mama wa hewa! Jioni unanishikia zamu tena, eh? Wewe chuma bwana."

Siku zote Apolonia alicheka na kukubali.

"Sikai."

"Sasa nani atakaa?"

"Sijui. Nilisimama pale hewa inavuja, Ambrosi, nikamgombeza mtoto wa watu. Tafuta mtu anayesikia."

Ndani mgonjwa akakohoa, kikohozi kirefu. Miguu ya Apolonia ikageuka yenyewe kuelekea mlangoni. Akaona Frida ameshamfikia. Alisimama kidogo, kisha akachukua sweta yake, akatoka bila kuaga.