Idhini ya Baba Kutoka Juu ya Kichuguu

Najua wengine mlishausikia huu mkasa kwa watu, tena umetiwa chumvi, kwa hiyo acha niuseme mwenyewe, maana aibu ni yangu na hakuna wa kunisaidia kuibeba.

Mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa Kisarawe, msikitini, baada ya adhuhuri. Baba, ambaye ndiye walii wake, yuko Gwata, mguu umevunjika, kafungwa plasta mpaka juu ya goti, safari haiwezi. Akataka kumpa uwakili baba mdogo, amwozeshe Zuhura kwa niaba yake, jambo dogo tu la kusema kabla baba mdogo hajaondoka. Mimi nikajitia mjuaji. Nilikuwa nimenunua simu mpya, ile ya mtandao wa kasi, nikamwambia, "Baba, siku hizi watu wanaozesha kwa video. Utamwona mwanao, naye atakuona."

"Na mtandao?" akauliza.

"Niachie mimi."

Siku yenyewe, uani kwetu simu haishiki kitu. Kijiji kizima kinajua mtandao uko juu ya kichuguu nyuma ya choo cha jirani, basi tukambeba Baba na kiti chake na kanzu yake nyeupe, tukampandisha pale juu, akakaa kama anataka kuyahutubia mahindi. Nikapiga, video ikashika: shehe, bwana harusi, wazee wa pande zote. Baba mdogo akaisogeza simu kwenye maikrofoni ili hata wanawake waliokaa nje wasikie. Baba akaanza, "Mimi... mwanangu Zu..." na picha ikaganda, shehe kaachama, mkono hewani.

Nikaamini imekatika (na nyie mngeamini). Baba akasema, "Watu wanasubiri." Nami kwa hasira zangu nikamjibu, "Wasubiri. Bwana harusi mwenyewe kasubiri kuoa mpaka kaota upara, leo ndiyo itamuua? Na mama yake acha anune, yule hata pilau ikiwa tamu hununa."

Kumbe iliyoganda ni picha. Idhini ya Baba haikufika, lakini upara ulifika mzima mzima, ukatoka kwenye spika, ndani na nje. Nilijua pale niliposikia sauti ya baba mdogo, taratibu kabisa: "Hamisi, tunakusikia." Ndipo simu ikakatika kweli.

Nilisimuliwa baadaye kwamba mama yake bwana harusi alichukua mkoba wake akasema, "Kama ndugu zake ndivyo wanavyotuona, turudini nyumbani," na Zuhura wangu, na hina yake, akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Aliyeokoa jahazi ni bwana harusi. Alimwambia, "Mama, upara si ninao kweli? Kaa, nioe."

Sisi tukampakia Baba kwenye bajaji kuufuata mtandao barabara kuu, mguu umetokeza nje, kila shimo anauma meno. Tulipofika barabara kuu simu ikaita. Haikuwa video tena, simu ya kawaida tu, na Baba akasema, "Mdogo wangu, nimekupa uwakili, mwozeshe Zuhura." Ikaisha. Ndoa ikafungwa alasiri.

Na pale barabarani, juu ya vichwa vyetu, bango kubwa la mtandao wa kasi, msichana anacheka kama kaokota dhahabu. Nauliza, hiyo kasi ni ya kwenda wapi? Wanaongeza mbio kule ambako watu tayari wanakimbia, na huku mwanamke akishikwa na uchungu lazima mtu akapande kichuguu kumtafutia gari. Vocha tunanunua zilezile. Ukilalamika unajibiwa kwa sauti laini kwamba huduma inaboreshwa. Sisi hatujaomba kasi, tumeomba neno likitoka Gwata lifike lote.

Nilikwenda Kisarawe kuomba radhi. Nikampa yule mama shikamoo, akaitika marahaba, kisha akagonga mkeka ubavuni kwake. "Kaa hapa karibu, mwanangu. Yale uliyonisema, yarudie tukitazamana."

Nimeapa: idhini ya ndoa nyingine yoyote nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu ikibidi, na mbele ya simu, iwe imekatika au imezimwa, simsemi mtu.