Mjusi na Michembe ya Bibi

Nikimtoa nje juani atatoroka, nikimwacha ndani atakufa. Wazo hilo lilinitesa siku moja nikiwa mtoto, na leo harufu ya michembe inayochemka kwa jirani hapa Nyasubi imelirudisha lote.

Nilikuwa nimemfuga mjusi wa mwambani mwenye kichwa chekundu. Nilimweka kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, nikamtandikia pamba ya shambani asisikie baridi. Siku ya tatu akakataa panzi, na wekundu wake ukawa kijivu. Nikambeba hadi kwa bibi, aliyekuwa akianika vipande vya viazi vitamu juu ya mwamba vikauke viwe michembe.

Akacheka. "Umemzika angali hai! Huyu anataka jua, ng'wanawane, mwanangu, kama viazi vyangu."

"Akikimbia je, bibi?"

"Si atakuwa amepona?"

Nilizunguka mwamba mara nne nikiwaza paka, mwewe, hata mvua, na wingu halikuwepo hata moja. Kisha nikainamisha boksi. Mjusi akajilaza kwenye jiwe la moto, akatulia. Baada ya muda kichwa kikarudia wekundu wake, akadaka nzi juu ya michembe.

"Basi nimepata mlinzi," bibi akasema.

Boksi nikalichana palepale.