Yaro ya Bi Mkasi Haitaki Kushibishwa

Umande haujakauka, na Bi Mkasi yuko nyuma ya nyumba yake anakata mimea ambayo haijachanua hata ua moja. Mashina yaliyonawiri yanaanguka, kila moja limebaki nusu. Mlangoni, mama mkwe wake amejishika kichwa.

"Mwanangu, umepatwa na nini? Si ndiyo kwanza ilikuwa inapendeza!"

"Mama, niache kwanza. Nisipoikata leo, italala chini yote."

Mmea wenyewe unaitwa yaro. Majani yake yamechanikachanika kama unyoya, na maua yake madogo madogo hujikusanya juu ya shina, bapa kama kisahani. Yapo meupe, ya manjano na ya waridi. Ni mmea wa ajabu kidogo: unapenda jua kali, kokoto na kiu. Ukiulisha sana unarefuka kwa pupa, shina linalegea, na ukichanua unaanguka kifudifudi.

Na umelishwa kweli. Bi Mkasi alikwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Huku nyuma mama mkwe, mkulima wa mahindi tangu ujana wake, akauonea huruma ule udongo mkavu. Akamwaga samadi ya kuku, akamwagilia kila jioni.

"Nilidhani namsaidia mke wa mwanangu," anasema, akicheka kwa aibu. "Shambani, kitu usichokilisha hakikulishi."

"Sikumgombeza," anasema Bi Mkasi. "Ningemgombezaje mtu aliyebeba ndoo kwa ajili yangu? Nilijifungia chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatafuta mkasi."

Alikuwa na sababu ya kulia. Mnunuzi wake ni mmoja tu, mpambaji wa kumbi za harusi. Msimu uliopita, Bi Mkasi alipokuwa bado anajifunza, mashina yalipinda, na mpambaji hakumficha: yakipinda tena, atatafuta mkulima mwingine. Na tangu goti lilipomtoa kwenye kazi ya kufagia ofisi, kipato chake ni yaro hiyo, aliyoianza kwa kipande cha mzizi ambacho mtunza bustani wa ofisini alikuwa anakitupa.

"Mume wangu si mchoyo," anasema. "Lakini mtu mzima kuomba hela ya sabuni, inauma."

Kukata nako kuna hatari yake, kwa sababu huchelewesha maua. Mpambaji angeweza kuja akakuta majani matupu. Bi Mkasi akapiga moyo konde. Aliacha kumwagilia, akang'oa mashina yaliyosongamana pamoja na mizizi yake, akayagawa kwa mikono na kuyapanda kando ya ukuta, pale mumewe, fundi wa kuchomelea, alipomwaga kifusi.

"Sasa mke wangu unapanda kwenye kifusi," mumewe alimtania. "Kesho si utapanda juu ya bati?"

"Ukiniezekea vizuri, nitapanda."

Siku ya mpambaji inafika. Yaro imechanua, fupi kuliko msimu uliopita, lakini imesimama wima kama askari. Mpambaji hasalimii kwa maneno mengi. Anashika shina katikati na kulitikisa, maana kichwa kikiyumba ua halijakomaa, litanyauka kabla bibi harusi hajaketi. Kichwa hakiyumbi. Anatikisa la pili. Anahamia kwenye kifusi, anatikisa la tatu. Mama mkwe amesimama pembeni.

"Haya, kata," anasema mpambaji.

"Nikate kiasi gani?"

"Yote. Na mwezi ujao nina kumbi mbili."

Bi Mkasi anainama haraka, ili machozi yasionekane. Anakata huku akizungumza, na mipango yake haiishi. Majirani wengi, anasema, wana viwanja vya kokoto ambavyo hata mchicha umevikataa. Ameanza kuwaomba wamwachie apande yaro, na wawili wameshakubali, mmoja akicheka.

"Acha wacheke," anasema. "Huyu mpambaji akirudi msimu ujao, hatakuta uwanja mmoja tu. Atakuta mtaa mzima umechanua."